Pale Nondo Ilipokunjwa

Mtoni, 3 Juni 2025

Kwa Tekla,

Mwanangu, natumai barua hii inakukuta mzima. Namba yako ya zamani haipatikani. Najma wa dukani ndiye aliyeniambia kwamba alikuona Kigamboni, na kwamba siku hizi unafanya kazi kwenye maabara ya kupima vyuma vya ujenzi. Nilicheka peke yangu jikoni. Nilikumbuka ulivyokuwa mpangaji wetu, chumba cha uani, unasoma chuo, ukichomoa njiti za fagio langu moja moja na kuzikunja uone zinakatikia wapi. Fagio likaisha. Mbwana akasema, "Huyu binti ipo siku atalipwa mshahara kwa uharibifu huu." Kumbe alikuwa anaona mbali.

Sasa nakuletea shida ya kazi yako.

Raudha wangu, uliyemwacha chuo cha ualimu, alipangiwa shule ya Madale, akapanga chumba huko. Sasa ana mtoto, anaitwa Twalib, ana miaka mitatu. Amepata uhamisho kuja Temeke, nami nimemwambia asipange tena, aje tukae wote. Kiwanja chetu unakijua, hakina pa kuongeza ila kwenda juu. Ndivyo Mbwana alivyopanga tangu zamani: zege la juu, kutoka barazani mpaka uani, na juu yake vyumba viwili.

Nondo zipo. Ni zile za Mbwana, alizozinunua kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, akazilaza nyuma ya nyumba chini ya ukingo wa bati na kuzipaka oili chafu ya gereji zisile kutu. Shemeji yangu Sadallah, mdogo wake Mbwana, ndiye fundi wetu. Yeye anasema hizo ni za siku nyingi, tuwauzie watu wa chuma chakavu, tununue mpya. Mimi sitaki. Nondo hizo zimepita mikononi mwa Mbwana moja moja, na nataka ziwe ndani ya nyumba hii, si kwenye mzani wa chakavu.

Tumebishana mpaka majirani wakajua. Mwishowe tukakubaliana upime wewe. Ukisema nzima, zinaingia kwenye zege. Ukisema mbovu, Sadallah anaita watu wake waje wazibebe, na mimi sitatia neno. Juu ya zege hilo atalala Raudha na mtoto wake, chini yake nitalala mimi. Kwa hiyo usinionee haya, nipe jibu la kweli.

Sadallah amekata vipande vitatu vyenye urefu wa mkono, vimo kwenye kiroba hiki. Anayevileta ni Anselmo, jirani yetu mwenye bodaboda. Ni kijana mwaminifu, ila mpe maji ya kunywa, maana hasemi akiwa na kiu.

Wako mama yako wa Mtoni,
Hamisa


Kigamboni, 11 Juni 2025

Mama Raudha,

Shikamoo mama. Na Idi iliyopita iwe ya heri kwenu nyote. Nilipoliona jina lako juu ya bahasha, nyuma ya kiroba cha vyuma, niliacha kazi nikakaa chini. Miaka mingi imepita na mimi sikuja hata mara moja. Kwanza nilipelekwa Mtwara, nikakaa huko karibu na nyumbani kwetu, nikarudi juzi juzi nikiwa na laini mpya ya simu na aibu ya kukaa kimya. Naomba msamaha.

Kazi yako nimeifanya mwenyewe. Nakueleza ilivyo ili usije ukasikia kutoka kwa Sadallah kwamba nilitazama tu kwa macho.

Kipande cha nondo tunakibana ncha zote mbili kwenye mashine, halafu mashine inavuta. Mwanzoni chuma kinarefuka kidogo sana, jicho halioni, na ukiacha kuvuta kinarudi kama kilivyokuwa, kama hakijaguswa. Ukizidi kuvuta, unafika mahali ambapo kinarefuka na hakirudi tena. Sisi tunapaita kikomo cha kurudi. Wewe ukisikia mhandisi anapanga nyumba, ujue hapangi kwa mzigo wa kukata chuma. Anapanga kwa kikomo hicho, na anabaki chini yake kwa mbali, ili nyumba ikibeba watu na vitanda vyao, kila siku chuma kiwe kinarudi.

Nondo zenu zimefika kikomo chake karibu na tani tano na nusu. Chuma chembamba kama kidole, mama, kinabeba lori dogo pamoja na shehena yake. Tukaendelea kuvuta. Kilirefuka, kikarefuka, kikajibana katikati kikafanya kiuno, ndipo kikakatika kwa kishindo. Kurefuka huko ndiko ninakokupenda zaidi. Zege lenye chuma kama hiki likizidiwa, linapinda kwanza, linatoa nyufa, na watu wanatoka. Halimwangukii mtu ghafla.

Vipande vyote vitatu vilifanya vivyo hivyo. Kutu ni ya juu tu. Nondo ni nzima. Mmwage zege lenu. Ila ile oili ifutwe yote, kwa petroli kidogo na brashi ya waya, maana zege haliwezi kushika chuma chenye mafuta.

Mwambie Baba Raudha kwamba alinunua chuma cha maana. Bado anachomeka chaki nyuma ya sikio na kuitafuta nyumba nzima? Mwambie aje mwenyewe siku moja, nimwoneshe mashine inavyovuta. Nitamwekea kiti mbele kabisa. Yeye ndiye alinitabiria mshahara huu.

Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya barua. Nipigie tuongee.

Binti yenu,
Tekla


Mtoni, 17 Juni 2025

Tekla mwanangu,

Marahaba. Barua yako Raudha aliisoma kwa sauti tukiwa barazani, Sadallah akiwa amesimama mlangoni na mikono nyuma. Ilipofika pale pa tani tano na nusu akakohoa, akasema basi yameisha, akaenda kutafuta petroli. Sikumcheka mbele yake.

Lakini Raudha alipofika kwenye salamu za baba yake, aliacha kusoma, akanipa karatasi nimalizie mwenyewe.

Salamu zako sikuweza kuzifikisha. Mbwana alifariki Novemba iliyopita, siku ya Ijumaa, alipokuwa anajiandaa kwenda msikitini. Alikaa kitandani kuvaa kanzu, akasema ana uchovu, akalala na mkono mmoja ukiwa bado nje ya kanzu. Ilikuwa moyo. Nimetoka eda mwezi wa Machi. Katika barua ya kwanza nilitaka kukuambia, nikaandika jina lake, na lilipokaa pale juu ya karatasi likaonekana kama la mtu aliye hai, nikaliacha liendelee hivyo. Nisamehe. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake Mbwana alikuwa bado yuko mzima, na mtu huyo ulikuwa wewe. Niliona vibaya kuliondoa hilo pia.

Kupiga simu siwezi bado. Simu iliyopo ni yake, ina mlio wake ule ule. Nimeizima, ipo kabatini. Tuandikiane tu.

Chaki ndiyo, aliendelea kuiweka sikioni. Waliomwosha waliikuta imeacha alama nyeupe, wakaniuliza ni dawa gani.

Wewe umemkumbuka kwa chaki, nami ngoja nikupe jambo jingine ulikumbuke, maana wakati ule ulikuwa umeshahama. Ni siku nondo hizi zilipokuja. Zinauzwa ndefu, mita kumi na mbili, na uchochoro wetu unaujua, hata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinaingia kwa kuomba radhi. Muuzaji akazikunja katikati kama mtu anavyokunja kanga, wakazipakia, zikaja zimeinamiana. Mbwana akazishusha hapo mbele ya nyumba ili azinyooshe moja moja. Ukigonga katikati, ncha zinaruka juu. Akaniita, "Mama Raudha, njoo ukalie hii ncha, leo huo mwili umepata kazi." Nikakaa, yeye akagonga. Kila akigonga nilirushwa kidogo, na watoto wa jirani wakajipanga na wao wakalie. Tulicheka mpaka nikaumwa mbavu. Ilichukua siku nzima. Mwisho alipitisha kiganja pale palipokuwa na kona, kwenye kila nondo, akasema, "Hakuna atakayejua ziliwahi kukunjwa." Na kweli, ukizitazama leo huoni.

Ndiyo maana sikutaka ziuzwe.

Sadallah ameshazipanga juu ya mbao na kuzifunga kwa waya, nzima nzima kutoka ukuta wa mbele mpaka wa uani. Oili tumeifuta sote, hata Twalib alifuta. Zege ni Jumamosi hii. Nitapika ubwabwa kwa mafundi. Kama ungekuwa karibu ningekuwekea sahani.

Hamisa


Kigamboni, 20 Juni 2025

Mama Raudha,

Pole mama. Pole Raudha. Muda huu haunipi nafasi ya kupanga maneno. Nilikuwa site Kibada tangu Jumatatu, nimerudi ofisini jioni hii ndipo nimekuta barua yako mezani. Nimesoma habari ya Baba nikalia. Kisha nimefika pale pa kukalia ncha, na machozi yakakatika.

Naomba kesho msimwage zege.

Nimepiga simu mara nyingi, haipatikani, na umeniambia sababu. Raudha sina namba yake. Barua hii nimemwachia Anselmo aliyekuja leo kuleta yako, nimemkuta bado yuko upande huu anasubiri abiria. Amesema pikipiki yake ina pancha na ataitengeneza alfajiri ndipo avuke na pantoni ya kwanza. Namwomba Mungu awahi.

Sababu ni hii. Vile vipande vitatu Sadallah alivikata wapi? Nadhani ni kwenye ncha, kwa sababu hata mimi ningekata kwenye ncha, hakuna fundi anayeanza kukata nondo nzuri katikati. Ncha hazikukunjwa. Nilichokipima ni sehemu ambayo haijawahi kuguswa na nyundo. Pale katikati, pale alipopitisha kiganja, sijapima, wala sikuuliza. Kosa ni langu kama mpimaji, ningepaswa kuuliza zilifikaje kwenu.

Nilikuambia chuma kina kikomo, ukikipita hakirudi. Kukunja nondo mpaka iinamiane ni kukipita kikomo hicho mbali sana. Kuinyoosha kwa nyundo ni kukipita mara ya pili, kwa upande wa pili. Kwa macho imenyooka. Ndani ni kitu kingine, na sijui ni kitu gani mpaka nikivute. Na nondo zenu zikiwa nzima nzima, kona zote zinakuja mahali pamoja, mstari mmoja katikati ya zege, juu ya watu waliolala.

Sisemi ni mbovu. Nasema sijui, na wiki iliyopita niliwaambia najua. Nileteeni vipande vya katikati.

Mama, natambua ninachokuomba ukikate.

Tekla


Mtoni, 23 Juni 2025

Dada Tekla,

Salamu. Mie ni Sadallah, fundi, shemeji yake Mama Raudha. Yeye haandiki kwa sasa, kwa hiyo naandika mie, na mwandiko wangu uuvumilie, nimezoea kuandika ukutani kwa penseli.

Nikueleze Jumamosi ilivyokuwa. Vijana wameshafika, mashine ya kuchanganya zege ya kukodi imewashwa, kokoto na mchanga vimepimwa kwa ndoo, ndoo ya kwanza ya maji imeshaingia. Huyo Anselmo anatokea na barua. Shemeji akaisoma amesimama. Hakupiga kelele hata kidogo. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya mdomo wa mashine, akakaa. Nikamwambia shemeji toka hapo utachafuka. Akasema, "Zima kwanza, Sadallah, halafu tutaongea." Nikazima. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Vijana walikula ubwabwa, wakasifu, wakaondoka. Ni kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo tumekula bila kushika koleo.

Sasa na mie niseme langu. Dada, mjini hapa nani hakunji nondo? Zinakuja zimekunjwa, tunanyoosha, tunajenga. Nimejenga hivyo miaka yote, na nyumba zipo, nenda kaziangalie. Na aliyenifundisha kunyoosha ni marehemu braza mwenyewe. Barua yako ilipofika nilisikia kama vile umesema braza alikuwa hajui kazi. Nilikasirika, sikufichi. Mie ndiye niliyetaka ziuzwe, ukasema nzima, nikakubali, nikazifuta oili mpaka kucha zangu zikawa nyeusi. Sasa unasema hujui. Nyie wa maabara mnatuzungusha.

Ila shemeji amenyamaza tangu siku ile, na mie sipendi anavyonyamaza. Anakaa uani anaziangalia nondo pale juu ya mbao. Jana kanishikia nondo nikate katikati. Nilidhani atalia. Kashika tu kwa nguvu ili msumeno usiruke.

Vipande vitatu ni hivi, alama ya chaki ndiyo palipokuwa na kona. Vuta vizuri. Vikitoka na nguvu kama vile vya kwanza, nataka uniandikie hivyo kwa kalamu ya wino.

Fundi Sadallah


Kigamboni, 2 Julai 2025

Mama Raudha, na Fundi Sadallah,

Shikamoo mama. Fundi, nimekusikia, na naandika kwa wino.

Vipande vyako havikutoka na nguvu kama vile vya kwanza. Vimetoka na nguvu zaidi. Kikomo chao kimepanda. Najua hapo umeshawaita vijana wawashe mashine ya zege, kwa hiyo subiri nimalize.

Chuma kikikunjwa na kunyooshwa kinakuwa kigumu. Kinakataa kupinda tena, ndiyo maana namba imepanda. Lakini kila chuma kina akiba yake ya kurefuka, na akiba hiyo haijazwi upya. Vile vipande vya ncha vilirefuka sana, vikafanya kiuno, ndipo vikakatika. Hivi vya katikati vilikaa kimya, vikabeba, vikabeba, kisha vikakatika ghafla pale pale kwenye chaki, bila kiuno. Kimoja kilikuwa na ufa mwembamba ndani ya mgongo wa kona, nimeuona kwa lenzi. Nimewarudishia vipande viwili, kimoja cha ncha na kimoja cha katikati. Vishikeni muone. Cha kwanza kimechongoka kama penseli. Cha pili kimekatika kama muwa.

Zege likiwa na chuma kama hicho cha pili, litabeba vizuri mpaka siku lisipobeba, na siku hiyo halitapiga hodi.

Fundi, nyumba zako zimesimama kwa sababu, nadhani, kona zilianguka mahali ambapo mzigo ni mdogo, na kwa sababu mhandisi huwa anaacha nafasi kubwa chini ya kikomo. Sisemi Baba Raudha hakujua kazi. Alipewa chuma kilichokunjwa na mtu mwingine, kwa sababu ya uchochoro, akakifanyia kilichowezekana kwa mikono. Alinyoosha vizuri kiasi kwamba hata mashine haikukuta mpindo. Kilichokuwa ndani hakuna mkono ungeweza kukirudisha.

Sasa jambo zuri, nami nimelihesabu mara mbili kabla ya kuliandika.

Mama, nondo yako ni mita kumi na mbili, lakini hakuna chumba chako chenye mita kumi na mbili. Una ukuta katikati, kati ya sebule na chumba cha uani. Kateni kona mtupe nje, robo mita kila upande wa chaki. Mnabaki na mikono miwili, kila mmoja una zaidi ya mita tano na nusu, na mikono hiyo haijawahi kuguswa, ni ile niliyoipima kwanza. Mmoja utoke ukuta wa mbele, mwingine utoke ukuta wa uani, nondo hizo zikutane juu ya ukuta wa kati. Zilale pamoja ubavu kwa ubavu, urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka begani, na zifungwe kwa waya. Zege litazishika kama nondo moja. Juu ya ukuta huo kunahitajika nondo fupi za juu pia, na hizo nunueni mpya. Rafiki yangu Elibariki, mhandisi wa majengo, atapita Jumapili kuangalia na kusaini mchoro. Msimwage kabla yake, na akisema badilisha, badilisheni.

Kwa hiyo nondo za Baba zinaingia ndani ya nyumba. Karibu zote.

Na mama, umekaa kimya, nami nahisi ulisoma lile neno la kutorudi ukalisoma tena. Nilipoliandika mara ya kwanza sikujua habari ya Baba. Naomba niongeze kitu ambacho mashine inanionesha kila siku. Chuma kilichopita kikomo hakirudi kama kilivyokuwa, hiyo ni kweli. Lakini hakijakatika. Kinaendelea kubeba, tena kwa muda mrefu, alimradi kiwekwe mahali panapokifaa na kisikunjwe tena.

Binti yako,
Tekla


Mtoni, 10 Agosti 2025

Tekla mwanangu,

Leo asubuhi Sadallah ametoa mirunda yote iliyokuwa imeshikilia zege. Aliitoa mmoja mmoja kuanzia katikati, kila akitoa anarudi nyuma na kutega sikio. Wa mwisho alipoutoa, tukasimama sote uani tukitazama juu kama tunatafuta mwezi wa Idi. Hapakutokea kitu. Twalib akauliza, "Bibi, tunaangalia nini?" Raudha akamwambia tunaangalia hakuna kitu, mwanangu, na ndicho tunachokitaka.

Elibariki alikuja kama ulivyosema. Aligonga gonga, akapima, akabishana na Sadallah juu ya nondo za juu ya ukuta wa kati, akaziongeza mbili. Walipomaliza kubishana walikunywa chai sufuria nzima. Siku ya zege nilipika ubwabwa tena. Mara hii vijana walifanya kazi kwanza.

Nilikaa kimya, ni kweli. Ile siku niliposhika nondo ili Sadallah aikate, niliona kama mimi ndiye ninayekata siku ile tuliyocheka. Nilifikiri kama Mbwana angekuwepo angenilaumu. Halafu nikakumbuka alivyokuwa na nguo zake. Shati likichakaa kola alikuwa ananiletea mwenyewe, anasema, "Mama Raudha, toa hapa palipochoka, mengine bado yananifaa." Miaka yote nilimgeuzia kola na hakuwahi kuona shati limeharibika. Nikasema basi, na hii ni kola.

Barua yako ya mwisho nimeisoma, na yale uliyoongeza chini nimeyasoma peke yangu. Asante. Jana nilitoa simu kabatini nikaiwasha. Ililia saa hiyo hiyo, mlio wake ule ule, nikaiacha ilie mpaka mwisho, kisha nikaipokea. Alikuwa mtu amekosea namba, anatafuta muuza samaki. Tukaongea kidogo. Nilimtakia apate.

Vipande vya kona usidhani vimeuzwa. Sadallah alivikusanya vyote kwenye kiroba, nikajua anavipeleka kwenye mzani. Kumbe amevichomelea vikawa nondo za dirisha dogo la bafu. Akaniambia, "Hapo havibebi mtu, shemeji. Vinapitisha upepo tu." Asubuhi jua likipita pale, kivuli chake kinaanguka ukutani kimenyooka. Nimepitisha kiganja. Huwezi kujua.

Na Sadallah mwenyewe, usimwambie nimekuandikia, siku hizi hapokei nondo iliyokunjwa. Wiki iliyopita alikuwa na kazi kwa jirani. Lori likasimama barabara ya Kilwa, vijana wakazibeba nondo mabegani, ndefu vile vile, wakaingia nazo uchochoroni kama siafu waliobeba njiti. Muuzaji akamwuliza kwani wewe ni mhandisi? Akamjibu, "Mie fundi, ila nina dada yangu Kigamboni anayevunja vyuma." Alilisema kwa sauti ya juu, na mtaa mzima sasa unajua kwamba wewe una kaka huku.

Vile vipande viwili ulivyoturudishia, cha kuchongoka amekichukua Raudha awaoneshe wanafunzi wake. Cha pili nimekibakiza kwangu. Kipo kwenye sahani ya udongo, karibu na chaki yake ya mwisho.

Chumba cha juu upande wa mbele ni cha Raudha. Cha nyuma hakina mtu. Kina dirisha linaloangalia uani, pale ulipokuwa ukianika nguo zako, na Sadallah ameanza kukipaka chokaa bila kuambiwa. Fagio jipya nimenunua na lina njiti zote. Ukipata siku ya mapumziko, vuka.

Ninakuomba jambo moja tu, wala si kubwa. Najua mashine yako inavuta vyuma vya watu wengi, na huwezi kuwajua wote. Lakini siku ikitokea chuma kimekaa vizuri, kikarefuka kama kinavyotakiwa na kikafanya kile kiuno, mtu mmoja alikuwa aje akae kwenye kiti cha mbele kabisa atazame. Mkumbuke hapo Mbwana, na mimi niliyekalia ncha.

Mama yako,
Hamisa